Chapisho Limeondolewa, Akaunti Imefungiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uhuru wa Kusema na Kampuni za Mitandao

Kampuni ikifuta chapisho langu, imevunja haki yangu ya kusema?

Kisheria, mara nyingi hapana. Ni vizuri ulijue hili mapema, kwa sababu watu wengi hujaza nafasi nzima ya rufaa kwa vifungu vya Katiba, na anayesoma rufaa hiyo hakuajiriwa kuangalia Katiba. Uhuru wa maoni katika ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya uliwekwa kwanza kabisa kumzuia mwenye dola. Kampuni ya mtandao ni mtu binafsi mwenye mali yake. Siku uliyofungua akaunti ulikubali masharti ya matumizi, na masharti hayo yanairuhusu kuondoa maudhui yanayokiuka kanuni zake. Ukiwa umeketi barazani kwa mtu, mwenye nyumba anaweza kukuambia uondoke. Serikali ndiyo isiyo na ruhusa ya kuja kukutoa kwa sababu umeikosoa.

Kenya, hata hivyo, ina jambo la ziada. Ibara ya 20(1) ya Katiba ya 2010 inasema Sheria ya Haki inavibana vyombo vyote vya dola na watu wote, na neno "watu" linajumuisha kampuni. Mlango huo unagongwa mahakamani hivi sasa; tutaurudia chini.

Mbona kila mjadala huu unaishia kwenye sheria za Marekani?

Kwa sababu Meta (Facebook, Instagram, WhatsApp), Google yenye YouTube, na X (zamani Twitter) ni kampuni za Marekani, na kanuni zao zimeandikwa chini ya kivuli cha sheria za huko. Mambo matatu yanatosha kuelewa picha.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanaikataza serikali kubana maneno ya watu. Hayaigusi kampuni binafsi. Mahakama ya Juu ililirudia hilo mwaka 2019 katika kesi ya Manhattan Community Access dhidi ya Halleck. Pili, kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinaipa kampuni kinga mara mbili: haihesabiwi kuwa ndiyo iliyosema alichoandika mtumiaji, na pia haishtakiwi kwa kuondoa kwa nia njema kile inachokiona hakifai. Tatu, mwaka 2021 majimbo ya Texas na Florida yalitunga sheria za kuzuia kampuni kubwa kuondoa maoni ya watu. Julai 2024, katika kesi za NetChoice, Mahakama ya Juu ilizirudisha mahakama za chini zikachunguze upya, huku ikieleza kwamba kupanga na kuchagua maudhui ni namna ya kujieleza ya kampuni yenyewe. Kwa hiyo mbele ya jaji wa Marekani, kampuni nayo inadai uhuru uleule unaoudai wewe.

Si wangeacha kila kitu, watu wachague wenyewe?

Hakuna mtandao mkubwa unaofanya hivyo. Usiposimamiwa, hujaa matapeli, picha za unyanyasaji wa watoto na matangazo ya roboti ndani ya siku chache, na watu wa kawaida hukimbia. Swali la maana ni nani anaamua, kwa kanuni ipi, na aliyeonewa anasikilizwa wapi.

Chapisho langu limeondolewa sasa hivi. Nianzie wapi?

Usianze kwa kufuta wala kuposti tena. Ukiposti tena kitu kilekile, mfumo hukitambua na kukuhesabia kosa la pili. Ukikifuta mwenyewe, wakati mwingine unaondoa hata kitufe cha rufaa. Na kwa upande wa YouTube, kufuta video hakuondoi straiki (alama ya adhabu) uliyopewa.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Piga skrinshoti ya taarifa uliyotumiwa, yote, pamoja na jina la kanuni inayodaiwa kuvunjwa, tarehe na saa. Taarifa hizi hutoweka, hasa akaunti ikifungiwa baadaye.
2. Nakili linki ya chapisho na maneno yake. Kama ni picha au video, hakikisha faili la awali lipo kwenye simu au kompyuta.
3. Fungua ukurasa wa hali ya akaunti kwenye mipangilio. Facebook na Instagram huonyesha hapo ukiukaji wote uliorekodiwa, na mara nyingine utakuta wa pili ambao hukuuona.
4. Isome kanuni yenyewe, si kichwa chake tu. Karibu kila kanuni ina sehemu ya mambo yanayoruhusiwa, na rufaa inayoshinda hujengwa juu ya sehemu hiyo.
5. Kata rufaa mara moja, ndani ya programu yenyewe. Rufaa ishirini hazina nguvu kuliko moja.

Kosa baya kuliko yote ni kufungua akaunti mpya wakati ya kwanza bado imefungiwa. Kampuni huliita kukwepa adhabu, na akaunti ya pili ikinaswa inaweza kuharibu hata rufaa ya kwanza.

Kwenye rufaa niandike nini?

Mara nyingi unapewa vitufe vya kuchagua tu. Palipo na nafasi ya kuandika, andika sentensi nne au tano: ulichoposti, kwa nini uliposti, kipengele cha kanuni kinachokiruhusu, na maana ya neno lenye utata. Chukua mwandishi aliyeposti kipande cha hotuba ya chuki ili kuikemea. Aandike hivi:

"Video hii ni ya mkutano wa hadhara. Niliiposti kulaani maneno ya msemaji, na maelezo yangu chini ya video yanasema hivyo. Kanuni yenu ya chuki inaruhusu kushiriki maneno ya mtu mwingine kwa nia ya kuyalaani au kuelimisha. Sikuunga mkono maneno hayo mahali popote. Naomba mtu anayejua Kiswahili alisome chapisho pamoja na maelezo yake."

Weka na tafsiri fupi ya Kiingereza chini yake. Huna uhakika rufaa itamfikia nani. Usitukane, usitishe kushtaki, usieleze una wafuasi wangapi. Zingatia pia kwamba sentensi ya tatu itafanya kazi ikiwa tu nia yako ilionekana kwenye chapisho tangu mwanzo. Ukiposti video ya chuki bila neno lolote, kanuni inaihesabu kana kwamba umeikubali. Ndiyo maana wanahabari na watetezi wa haki wanashauriwa kuandika msimamo wao katika mstari wa kwanza kabisa.

Nina siku ngapi?

Inategemea mtandao. Akaunti ya Facebook iliyosimamishwa ina siku 180 za kukata rufaa. Zikipita, inafungwa moja kwa moja. YouTube hutoa siku 90 kupinga onyo au straiki. Usisubiri siku ya mwisho: barua pepe ya zamani uliyosahau nenosiri lake inaweza kukula wiki nzima.

Makosa huhesabiwaje?

Kwa utaratibu ambao Meta iliutangaza mwaka 2023, kosa la kwanza la kawaida ni onyo. Kuanzia la pili hadi la sita unazuiwa baadhi ya huduma, kama kuposti kwenye makundi. La saba ni siku 1 bila kuposti, la nane siku 3, la tisa siku 7, la kumi na kuendelea siku 30. Kila kosa hukaa mwaka mmoja. Makosa mazito kama ugaidi au unyanyasaji wa watoto hayafuati ngazi hizi. Akaunti huondolewa papo hapo.

YouTube huanza na onyo, kisha straiki. Ya kwanza ni wiki 1 bila kupakia, ya pili wiki 2, ya tatu ndani ya siku 90 chaneli inaondoka na video zake zote. Mwenye chaneli ya mawaidha, ya siasa au ya taarabu aliyekusanya kazi kwa miaka bila nakala nje ya YouTube anapoteza kila kitu siku hiyo.

Video yangu imeondolewa kwa hakimiliki, si kwa maneno. Kuna tofauti?

Ipo, na kuchanganya njia hizi mbili kumewagharimu wengi. Kuna dai la Content ID, ambalo si straiki: mfumo umetambua wimbo au picha, na mwenye nacho anaweza kuchukua mapato au kuzuia video. Unaweza kulipinga, naye ana siku 30 za kujibu. Akishikilia msimamo, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7.

Kuna pia ombi la kisheria la kuondoa video, ambalo huleta straiki ya hakimiliki. Jibu lake ni notisi ya kupinga. Ukiituma, aliyelalamika ana siku 10 za kazi za kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipofanya hivyo, video hurudishwa. Lakini soma kabla ya kutuma: jina lako na anwani yako hupelekwa kwa aliyelalamika, na unakubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Watu wenye nia mbaya hutumia malalamiko ya uongo ya hakimiliki kunyamazisha wakosoaji na kupata anwani zao. Kama usalama wako una shaka, zungumza na wakili au shirika la haki za kidijitali kwanza, na ikiwezekana wakili ndiye atume kwa niaba yako.

Rufaa ya Meta imekataliwa. Kuna mahali pengine?

Kuna Oversight Board, bodi iliyoanzishwa na Meta yenyewe lakini yenye wajumbe wasioajiriwa nayo. Ilianza kupokea kesi Oktoba 2020. Unapokataliwa mara ya mwisho, unapewa namba ya kumbukumbu, na una siku 15 kuipeleka kwenye tovuti ya bodi. Uamuzi wake juu ya chapisho husika unaibana Meta. Mapendekezo yake ya kubadili kanuni hayaibani, ingawa Meta inatakiwa kuyajibu hadharani ndani ya siku 60.

Usiweke tumaini lako lote hapo. Bodi huchagua kesi chache sana, zile zinazogusa watu wengi. Hata hivyo, peleka. Malalamiko ya Kiswahili yakikosekana mezani, bodi haina namna ya kujua kwamba tatizo lipo.

Kiswahili chetu kinaeleweka huko?

Kinaeleweka nusunusu, na hapa ndipo penye kidonda. Maudhui mengi hukaguliwa kwanza na kompyuta, na kompyuta hujifunza kutokana na maandishi iliyolishwa. Kiingereza kina bahari ya maandishi. Sheng, Kiswahili cha Lubumbashi au cha Unguja vina kidogo sana.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti nchini Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kupeleka matangazo ya kulipia yenye wito wa kuua watu kwa misingi ya kabila. Hawakuyaacha yatoke hadharani. Walitaka kuona tu kama yangepitishwa. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa sababu ya sarufi na matusi. Yaliporekebishwa makosa hayo madogo, nayo yakapita. Wito wa kuua ulibaki palepale. Julai 29, NCIC, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ikaipa Facebook siku saba kujirekebisha.

Tatizo lina upande wa pili. Neno kama "madoadoa" lilikuwa limeorodheshwa na NCIC mwaka huohuo kuwa la chuki, kwa jinsi lilivyotumika kwenye majukwaa ya siasa kuwalenga watu wa makabila mengine. Lakini neno hilohilo liko kwenye posti ya mwenye duka la vitenge na ya daktari anayeeleza surua. Kichujio kinachotafuta neno peke yake kitamfungia muuza vitenge na kumwachia mchochezi aliyebadilisha herufi moja. Anayeweza kutofautisha ni mtu anayeijua lugha na mazingira yake.

Na watu hao wako wapi?

Kwa miaka kadhaa wengi waliosoma maudhui ya Facebook kwa Kiswahili, Kiamhari, Kisomali na lugha nyingine za Afrika walikuwa Nairobi, katika kampuni ya Sama iliyopewa kazi na Meta. Februari 2022 jarida la Time liliripoti kwamba baadhi yao walilipwa takriban dola 1.50 kwa saa, huku wakitazama mauaji na ubakaji kutwa. Mei mwaka huo mfanyakazi wa zamani, Daniel Motaung, alifungua kesi. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, wafanyakazi 260 wakaambiwa hawana kazi, na mwaka huohuo wasimamizi wa maudhui 184 wakaenda mahakamani. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya 140 kati yao walikutwa na daktari wakiwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe.

Uhuru wako wa kusema kwa Kiswahili unategemea watu hawa. Anayepewa sekunde chache kwa kila video, aliyechoka na asiye na msaada wa kitabibu, atabofya "ondoa" ili aendelee na inayofuata. Kudai malipo na matibabu bora kwao ni sehemu ya kudai haki yako mwenyewe.

Kundi la watu limeniripoti kwa pamoja. Wingi wa ripoti unaweza kunifungia?

Meta husema kwamba wingi wa ripoti hauamui. Kinachoangaliwa ni kama kanuni imevunjwa. Ila ripoti ndiyo hulileta chapisho mbele ya mkaguzi, na kadiri linavyokaguliwa mara nyingi ndivyo nafasi ya mtu mmoja kukosea inavyoongezeka. Kusanya ushahidi wa kampeni hiyo: skrinshoti za makundi yanayohimizana kukuripoti, na muda. Uambatanishe au uutaje kwenye rufaa.

Tangu Januari 2025 ripoti zimepata uzito mpya. Meta ilitangaza kwamba mifumo yake ya kompyuta itajikita kwenye makosa mazito kama ugaidi, unyanyasaji wa watoto, dawa za kulevya na utapeli, na kwamba makosa madogo yatasubiri mtu aripoti.

Chapisho halijaondolewa, ila limebandikwa kwamba si kweli.

Hilo haliendi kwa kampuni. Wasiliana moja kwa moja na shirika lililokagua ukweli, ambalo jina lake liko kwenye kibandiko, mfano PesaCheck au Africa Check. Ama sahihisha chapisho na uwaarifu, au wapelekee ushahidi kwamba wao ndio waliokosea. Uamuzi wa Meta wa Januari 2025 wa kuacha wakaguzi hawa ulianzia Marekani.

Na WhatsApp, nani anasoma ujumbe wetu?

Ujumbe umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, kwa hiyo kampuni haiusomi. Mtu akikuripoti, WhatsApp hupokea ujumbe tano za mwisho ulizomtumia yeye au kundi hilo. Akaunti nyingi hufungiwa kwa mwenendo: kutuma kwa wingi kwa watu wasio na namba yako, au kutumia programu bandia kama GB WhatsApp. Wenye biashara ndogo hunaswa hapa kuliko wachochezi.

Serikali ikiiagiza kampuni iondoe, hiyo nayo ni kanuni ya kampuni?

Hapana, na tofauti hii ibebe moyoni. Kampuni ikikufungia, unaweza kuhamia kwingine. Dola ikiamuru, inafunga kote, na nyuma yake kuna polisi.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimpa mtoa huduma saa 12 kuondoa maudhui yaliyolalamikiwa. Za mwaka 2020 zikashusha hadi saa 2. Ndani ya saa 2 hakuna anayeweza kupima kama lalamiko ni la haki; aliye salama ni anayefuta. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache baada ya Facebook kuondoa akaunti ilizosema zinahusiana na wizara ya serikali, na wiki ileile ya uchaguzi. Nigeria ilisimamisha Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022 baada ya kufutwa kwa ujumbe wa Rais Buhari. Tanzania, X ilizuiwa Mei 2025, na Septemba mwaka huohuo leseni ya jukwaa la mijadala la JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90.

Ukipata taarifa ya kuondolewa, angalia imeandikwa "kanuni za jamii" au "ombi la kisheria la nchi". Ikiwa ni la pili, chapisho kwa kawaida hufichwa ndani ya nchi husika tu, na linaonekana nje. Rufaa ya ndani ya programu haitasaidia sana. Hapo unahitaji wakili. Kuhusu VPN, programu inayokuwezesha kufungua mtandao uliozuiwa, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaoitumia Tanzania wajisajili. Fahamu hatari yake kabla.

Niko Ulaya. Nina haki zaidi?

Ndiyo, tena nyingi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 17, 2024, inaitaka kampuni ikupe sababu za uamuzi kwa maandishi, ikupe miezi isiyopungua 6 ya kulalamika bure, na isiachie kompyuta peke yake kuamua lalamiko lako. Ukishindwa, unaweza kwenda kwenye chombo cha usuluhishi kilichoidhinishwa. Maamuzi yake hayalazimishi kampuni, lakini gharama kwako ni ndogo au hakuna. Haki hii inafuata mahali ulipo, si uraia wako: Mkongomani wa Brussels au Mtanzania wa Stockholm anayo hata akiandika Kiswahili kitupu. Uingereza haimo.

Je, naweza kuishtaki kampuni Afrika Mashariki?

Kenya, njia imeanza kufunguka. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya katika kesi za wasimamizi wa maudhui. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi iliyofunguliwa Desemba 2022 na Abrham Meareg, Fisseha Tekle na Katiba Institute, wanaodai kwamba mfumo wa Facebook ulisambaza uchochezi wakati wa vita vya Ethiopia. Baba yake Abrham, profesa, aliuawa baada ya machapisho dhidi yake. Hizi ni hukumu za mamlaka, bado si za madai yenyewe.

Kwa chapisho moja lililofutwa, kesi ni ghali mno. Tumia rufaa.

Kuna mtu ameahidi kunirudishia akaunti kwa malipo.

Usimpe hela, usimpe nenosiri, usimpe namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS. Hana mlango wowote ambao wewe huna.

Nawezaje kujiandaa kabla ya kufungiwa?

Ukurasa wa kazi uwe na wasimamizi wasiopungua wawili wenye udhibiti kamili, kwa sababu akaunti yako binafsi ikifungwa na wewe ndiye msimamizi pekee, ukurasa unabaki yatima. Jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye akaunti vilingane na kitambulisho. Anayejiita "Mtoto wa Pwani" atakwama akiombwa kadi ya NIDA. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kwa programu ya namba za siri badala ya SMS, kwani laini huibwa. Pakua nakala ya taarifa zako mara moja kila mwezi kupitia mipangilio, uiweke kwenye diski nje ya simu. Na wafuasi wako wape njia ya pili ya kukupata: orodha ya barua pepe, tovuti yako, au chaneli kwenye mtandao wa kampuni tofauti. Facebook, Instagram na WhatsApp ni za mwenye mmoja.